Tumechoka kuahidiwa kazi ambazo si za kiti kinachoombwa

Wanajukwaa, salaam. Naufungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Tangu Katiba ya Kenya ya 2010 ituletee kaunti 47, tumepiga kura kwa karatasi sita, moja kwa kila kiti, mwaka wa 2013, 2017 na 2022, lakini hadi leo wanaotuomba kura wanatumia kutojua kwetu kazi za kila kiti, nao wanafaidi kwelikweli.

Hivi majuzi mtu anayewania uwakilishi wadi kwetu alipanda juu ya pikapu, akaahidi kuajiri walimu wa sekondari, kuongeza polisi na kutia lami barabara kuu ya kitaifa inayopita karibu nasi. Umati ukapiga vigelegele. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo mikononi mwa bunge la kaunti, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba limeyaweka yote chini ya Serikali ya Kitaifa. Kazi ya mwakilishi wadi ni kutunga sheria za kaunti, kuidhinisha bajeti na kumbana gavana aeleze jinsi fedha zilivyotumika. Hilo la mwisho, ambalo ndilo lingetufaa zaidi, hakuligusa kabisa. Labda anatarajia kupanda gari moja na gavana huyo.

Kinyume chake pia hutokea. Zahanati yetu haina dawa, na tukilalamika, mbunge husimama na kusema, "Nitalishughulikia." Alishughulikie kwa mamlaka gani? Zahanati, chekechea, masoko na uzoaji taka ni majukumu ya kaunti, na wanaopaswa kusimamishwa mbele yetu wajibu ni gavana na waziri wake wa afya. Mbunge huyohuyo akigawa basari za hazina ya eneo bunge huziita msaada wake, kana kwamba ametoa mfukoni, ilhali ni kodi yetu.

Seneta ndiye tunayemtumia vibaya kuliko wote. Tunamwalika kwenye harambee na mazishi, tunamhesabia bahasha alizoleta, wala hatumuulizi amefanya nini kuhusu mgao wa fedha za kaunti, au alipigaje kura Seneti ilipoketi kuamua hatima ya gavana aliyeng'olewa na wawakilishi wadi. Lamu yenye maeneo bunge 2 humchagua seneta mmoja, sawa na Nairobi yenye maeneo bunge 17; kiti hicho kiliwekwa kwa ajili ya kutetea kaunti nzima.

Lakini kinachonichemsha zaidi ni mipaka. Nchi ina maeneo bunge 290 na wadi 1,450, na kwetu sisi barabara moja ya vumbi ndiyo inayotenganisha wadi mbili. Mtaro wa barabara hiyo umeziba, maji yanaingia majumbani pande zote mbili, na ofisi ya wadi ya upande huu inatuelekeza ng'ambo, nayo ya ng'ambo inaturudisha huku. Ukienda kwa chifu, utaambiwa yeye anahudumia lokesheni, yaani eneo la utawala la Serikali ya Kitaifa, ambayo mipaka yake si lazima ifuate ile ya wadi, na tena yeye ameajiriwa, hakuchaguliwa na mtu. Ramani iliyobandikwa mahali pa wazi, ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuisoma, sijaiona katika ofisi yoyote kati ya hizo.

Kifungu cha 89 cha Katiba kinataka mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12. Mara ya mwisho ilikuwa 2012, kwa hiyo muda ulikwisha 2024, wakati tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna hata mmoja. Ilikaa hivyo kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025. Watu wamehamia mitaa mipya kwa maelfu, na bado wanagawana mwakilishi mmoja kwa hesabu ya zamani.

Elimu ya wapiga kura ni jukumu la tume hiyo kwa Kifungu cha 88, na haitimizwi kwa matangazo ya redio ya wiki chache kabla ya uchaguzi. Kabla ya Agosti 2027 nataka kila kituo cha kupigia kura kibandikwe ramani ya wadi yake na orodha ya kazi za kila kiti, kwa Kiswahili, na ibaki hapo hata baada ya uchaguzi.