Ndizi tumezuiliana, vitani tuko pamoja: Malawi ni wenzetu kweli?

MamaNdizi_Tukuyu
Habari za jioni wanajukwaa. Mimi nanunua ndizi Tukuyu, nazivushia mpakani Kasumulu kwenda Karonga, Malawi. Mwaka 2025 mnaukumbuka. Machi, Malawi ilizuia mchele, unga, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka nje. Aprili na sisi Tanzania tukafunga mlango kwa mazao yao na ya Afrika Kusini, ambako ndizi zetu zilikuwa hazipiti siku nyingi. Zuio letu liliondolewa baada ya siku chache, lakini Fuso tuliyochanga watu watatu ilikuwa imeshageuzwa kwa lile zuio la Malawi. Ile mikungu tuliiuza Kyela kwa bei ya kutupa.

Hasara nimeisahau. Kisichonitoka ni kwamba Januari ya mwaka huohuo zilitangazwa habari za askari wa SADC, jumuiya yetu ya nchi za kusini mwa Afrika, waliouawa mashariki mwa Kongo: wa Afrika Kusini, wa Malawi, wa kwetu. Nchi zilezile tatu! Miezi mitatu baadaye tunanyimana chakula. Mdogo wangu yuko jeshini na Kongo ameshakwenda. Akipelekwa tena, hao wenzake atawategemea kwa lipi?

Mstaafu_Uyole
Dada, mimi nilivua gwanda, sasa nalima viazi. Mdogo wako atawategemea, na sisemi hivi ili kukutuliza.

Mwaka 2012 tulikuwa tunatunishiana misuli na Malawi kwa ajili ya Ziwa Nyasa. Wao wanashika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, kwamba maji yote ni yao mpaka ufukweni kwetu. Sisi tunasema mpaka uko katikati. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukaunda brigedi ya kupambana na waasi Kongo, askari 3,069 kwenye karatasi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa kwetu. Waliounda brigedi ile? Sisi, Afrika Kusini na Malawi. Novemba 2013 waasi wa M23 wakashindwa. Ziwa halijapatiwa suluhu mpaka leo.

Sasa nisikilize hili. Novemba 2018, karibu na Beni, koplo wetu alijeruhiwa vibaya, akabaki wazi kwenye risasi, hawezi kujisogeza. Praiveti Chancy Chitete, Mmalawi, akamburuta mpaka mahali pa kujikinga, akaanza kumhudumia. Akapigwa yeye. Alikufa, na koplo wetu akapona. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulimtunuku medali yake ya ushujaa, ya Kapteni Mbaye Diagne. Mimi jina lile nimewafundisha wajukuu zangu, na ningependa lifundishwe shuleni huku kwetu.

Ukiwa lindoni usiku huulizi nchi ya mwenzako imezuia nini. Unauliza: huyu wa kulia kwangu akiona kitu ataniambia, au ataondoka kimya? Jibu linapatikana kwa kwenda doria pamoja, kugawana maji, kujua redio yake inaita vipi. Na ukikutana na kijana wa Karonga, Kingonde chake na Kinyakyusa mnaelewana bila mkalimani.

Mwalimu_Njombe
Shikamoo mzee. La Chitete limenigusa sana. Ila askari hajitumi mwenyewe, kwa hiyo tuwaangalie pia wanaomtuma.

Chukueni Zambia. Nyerere na Kaunda walitofautiana juu ya Angola. Juu ya ukombozi wa Zimbabwe, Kaunda alikuwa na Nkomo wa ZAPU, Nyerere akaegemea mahasimu wao wa ZANU. Mwaka 1978 Kaunda alipofungua tena reli ya kupitia Rhodesia ili apate mbolea, Nyerere hakupendezwa. Lakini bomba la TAZAMA lilikuwa linapeleka mafuta Ndola, Zambia, kutoka Dar es Salaam tangu 1968, na reli ya TAZARA kati ya nchi hizi mbili ilikuwa inapita hapo Mbeya. Hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake aanguke.

Na Malawi ya Rais Banda ndiyo kipimo kigumu zaidi. Alikuwa na ubalozi na makaburu tangu 1967, na Nyerere walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mwaka 1987 akapeleka askari Msumbiji kulinda reli ya Nacala dhidi ya waasi wa RENAMO, kwa sababu mizigo yake ilipita pale kwenda baharini. Miaka ileile jeshi letu lilikuwa Zambezia, hukohuko Msumbiji, likipambana na RENAMO haohao. Kwa hiyo mimi naanza na njia ya mzigo. Kuaminiana huja baadaye, na huja kwa watu kama Chitete.

Mstaafu_Uyole
Marahaba mwalimu. La njia ya mzigo nakubali. Ila reli isingemrudisha Chitete kwenye risasi.

MamaNdizi_Tukuyu
Ndaga fijo, nyote wawili. Nimempigia mdogo wangu sasa hivi, nikamsomea habari ya Chitete. Amenyamaza kidogo, halafu akaniambia yuko Mmalawi mmoja walikuwa kikosi kimoja kule, wa Karonga, bado wanapigiana simu. Mwezi wa Machi mimi nilivusha mzigo Karonga mara ya mwisho bila kujua kama nina mtu pale. Nimeomba namba ya mama yake.