Chile 1988: Wapinzani walishinda, au waliuziwa mbuzi kwenye gunia?

MTOA MADA
Wakuu, kila tukijadili namna ya kumng'oa dikteta bila kumwaga damu, lazima mtu aitaje Chile. Tarehe 5 Oktoba 1988 wananchi waliulizwa jambo moja tu: mtawala wa kijeshi, jenerali Augusto Pinochet, aongezewe miaka minane, ndiyo au hapana? Hapana ikapata karibu asilimia 56. Jenerali aliyempindua rais Salvador Allende mwaka 1973 akaangushwa na karatasi ya kura.

Sasa sogeeni hadi Desemba 1989, uchaguzi wa seneti, jimbo la Santiago Magharibi, viti viwili. Andrés Zaldívar na Ricardo Lagos, wote wa muungano wa upinzani, kila mmoja alivuka asilimia 30. Jaime Guzmán, mwanasheria aliyeisuka katiba ya 1980 ya utawala wa kijeshi, aliambulia kama asilimia 17. Nani aliingia? Zaldívar na Guzmán! Lagos, mshindi wa pili, akabaki nje.

Ujanja ulikuwa hapa: ili orodha ya wagombea ya muungano mmoja ichukue viti vyote viwili, ilibidi kura zake ziwe mara mbili ya zile za orodha inayoifuata. Orodha ya kina Guzmán ilikaribia theluthi moja, ikatosha kuzuia, kila orodha ikapata kiti kimoja. Ongeza maseneta tisa wa kuteuliwa, na Pinochet mwenyewe kubaki mkuu wa jeshi la nchi kavu hadi Machi 1998, kisha akaapishwa seneta wa maisha. Ushindi gani huu ambao aliyeshindwa ndiye kashika funguo?

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, ni rahisi kusema hayo leo umekaa zako na simu. Bunduki zote zilikuwa upande mmoja. Mwaka 1980 katiba ilipigiwa kura bila hata daftari la wapiga kura. Mwaka 1988 wapinzani walihimiza watu wajiandikishe, wakaweka mawakala vituoni na kujumlisha kura zao wenyewe. Televisheni walipewa dakika 15 tu kwa usiku, wakazitumia vizuri kuliko serikali. Hata hivyo, usiku wa matokeo serikali ilivuta muda, mpaka jenerali Matthei wa jeshi la anga alipowaambia waandishi nje ya ikulu ya La Moneda kwamba kwake ni wazi Hapana imeshinda. Ulitaka wasusie? Na usisahau asilimia 44 walimtaka aendelee. Hao ungewapeleka wapi?

MTOA MADA
Kususia sijasema popote, usinilishe maneno. Kuingia mlango wa jenerali ilikuwa sahihi. Ugomvi wangu ni maridhiano ya 1989 kati ya wapinzani na utawala wa kijeshi, waliporekebisha katiba wakaacha mfumo ule wa viti viwili. Wapinzani hao wakatawala miaka 20 mfululizo, marais wanne, na Lagos yuleyule akiwa mmoja wao. Maseneta wa kuteuliwa wakafutwa 2005. Mfumo wa viti viwili ukadumu hadi 2015! Mtu akikaa sana kwenye nyumba yenye ufa, anaupachika picha juu.

MCHANGIAJI WA PILI
Si kwamba walipenda. Sheria za uchaguzi zilihitaji wingi mkubwa bungeni, na mfumo wenyewe ndio uliowanyima wingi huo. Mbwa anafukuza mkia wake.

MCHANGIAJI WA TATU
Mbona wote mnaikwepa 2022? Mwaka 2019 nauli ya metro, treni ya mjini, Santiago ilipanda peso 30, nchi ikawaka, wakaimba "si peso 30, ni miaka 30", yaani miaka yote tangu jenerali aondoke madarakani. Mwaka 2020 asilimia 78 wakataka katiba mpya. Rasimu ikaja Septemba 2022, asilimia 62 wakaitupa. Ya pili, iliyotawaliwa na mrengo wa kulia, ikatupwa Desemba 2023. Ile ya 1980, pamoja na viraka vyake, ipo hadi leo. Hapo pia tumlaumu marehemu Pinochet?

MTOA MADA
Hapo umenibana, nakubali. Ila tazama waliopiga kura: 2020 walikuwa kama milioni 7.5, kwa hiari. Mwaka 2022 kura ikawa lazima, wakajitokeza milioni 13. Hao milioni tano na ushee hawakuwa kwenye kura ya 2020, na waandishi wa rasimu waliandika kana kwamba hawapo. Kosa hilo si la Pinochet. La 1989 bado sijajibiwa.