MJADALA: Kushusha injini ya Subaru nyumbani kwako, tupigwe marufuku au tuachwe?

Mleta mada (Tabata)

Wakuu habari za jioni. Huku mtaani kwetu maneno yameanza tena, kila zikitajwa gereji bubu vidole vinanyooshwa mpaka kwa mtu anayefungua gari lake mwenyewe ndani ya geti lake, na juzi kuna mtu kikaoni kasema kabisa manispaa itunge sheria ndogo, injini isishushwe kwenye makazi, uwe fundi uwe mwenye gari, wote gereji. Na msidhani ni wazo la ajabu la huku kwetu tu, Marekani kwenye kaunti ya Sacramento, California, wanayo kwenye kanuni zao za matumizi ya ardhi, matengenezo madogo ruksa ila huruhusiwi kutumia vifaa ambavyo kwa kawaida havikai kwenye nyumba ya mtu, wala kutengeneza gari la mtu asiyeishi hapo, wala kufanyia nje ya banda lililofungwa kazi itakayoliacha gari zaidi ya saa 24 bila kutembea. Yaani winchi tu tayari una kesi.

Mi napinga. Gari ninayoizungumzia ni Subaru Impreza WRX, ile yenye injini ya EJ20 ya turbo. Injini yake imelala, silinda mbili kulia mbili kushoto, fupi, imekaa mbele ya giaboksi, kwa hiyo inatokea juu, huhitaji shimo wala lifti. Alafu kwa jinsi ilivyobanwa na chesisi pembeni, kutoa plagi tu ni mateso, tapeti kava zikivuja oili inadondokea ekzosi na harufu inaingia mpaka ndani, sasa ukitaka kufanya gasketi, sili, klachi na taimingi belti kwa usafi ni heri uitoe yote uiweke mbele yako uione. Mafundi wazuri ndo wanavyofanya. Kwa nini kazi hiyo hiyo iwe halali kwenye vumbi la kando ya barabara, isiwe halali kwangu kwenye zege, nina winchi ya tani moja na hakuna anayenikimbiza?

Kutokukimbizwa ndo kila kitu hapa. Nitoe mfano. WRX ya manual ya gia tano klachi yake ni ya kuvuta, sio ya kusukuma, beringi ya klachi imejifunga kwenye presha pleti (ile sahani inayobana klachi kwenye injini), kwa hiyo unaweza kufungua bolti zote za juu na nati mbili za chini ukaanza kuvuta injini na haiji. Asiyejua na mwenye haraka anaingiza mtaimbo katikati ya injini na giaboksi anaanza kukwanyua. Kumbe pembeni ya belhauzi, ile sehemu ya giaboksi inayoungana na injini, kuna kizibo cha allen namba 10, unakitoa, ndani kuna pini ya uma wa klachi, ule unaovuta beringi, unafunga bolti ya milimita 6 kwenye uzi wake unaivuta, uma unaachia, injini inakuja bila ugomvi. Giaboksi zenye makovu ya mtaimbo pale pale nimeziona, na zilitoka gereji zenye bango na risiti. Kwa hiyo mnaosema gereji ndo usalama, usalama wa nani?

Karibuni, ila tujadili hoja.

Mama mwenye nyumba

Mwanangu nimekusoma, una akili na gari lako, lakini wewe unaongelea geti lako. Mimi nina wapangaji, vyumba sita uwanja mmoja. Alikuwepo kijana kafunga cheni kwenye tawi la mwembe, injini inaning'inia pale toka asubuhi, watoto wanapita chini yake wanacheza, na hatua chache tu dada wa chumba cha pili anapika maharage kwenye jiko la mkaa. Namwambia mwanangu hiyo harufu ni petroli, ananijibu mama usiogope ni kidogo tu. Kidogo! Nyumba yangu ile ndo pensheni yangu. Nyie mnabishana pini na uma, sisi wengine tunaangalia moto. Sheria ije.

Mleta mada

Shikamoo mama. Huyo kijana simtetei hata kidogo. Kabla hujagusa mipira ya mafuta unatoa fyuzi au rilei ya pampu, unawasha gari mpaka lizime lenyewe, presha ya mafuta imeisha, unatoa betri, na bado hakuna moto karibu, sio jiko, sio sigara. Tawi la mwembe wala tusilijadili. Lakini mama, huyo alikosea kwa sababu ya alivyofanya au kwa sababu alifanyia nyumbani? Maana hata gereji nimeona mtu anachomelea ekzosi pembeni ya mwenzake anayeosha pampu na petroli.

Fundi, Ilala

Naomba niongee kama mtu anayekula kwa hii kazi. Kushusha sio kazi. Kijana yeyote mwenye boksi la soketi na anayepiga picha kila waya kabla hajautoa atashusha EJ20, rejeta na feni zinatoka, intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa ya turbo, inatoka juu, kompresa ya AC na pampu ya stelingi unazilaza pembeni na mipira yake bila kumwaga kitu, soketi kubwa za waya ziko nyuma ya injini, mauntini mbili chini, ile stei ya juu inayoshika giaboksi, unaondoka. Wapi mnapofia ni ndani. Silinda hedi, kile kifuniko cha silinda chenye valvu, haikazwi kwa nguvu za mkono mpaka "imekaza", kuna mpangilio, unakaza, unalegeza, unakaza tena, na mwisho unazungusha kwa digrii. Bila toki spana (spana inayopima nguvu ya kukaza) na bila kipimo unarudi kwangu baada ya mwezi kulanti, maji ya kupoza injini, inachemka. Taimingi vile vile, yaani kuoanisha mzunguko wa valvu na pistoni, kwenye krenki (shafti kuu ya injini) kuna mshale na kuna kialama kidogo kimechongwa nyuma kwenye meno ya sensa, alama ya kufuata ni hiyo ndogo, wengi wanafuata mshale. Na EJ20 ya turbo haisamehi, taimingi ikipishana valvu zinagonga pistoni.

Alafu tuseme ukweli mwingine ambao mleta mada kaupita mbali. Mi nalipa leseni, nalipa pango, TRA wananijua kwa jina. Huyu anaanza na gari lake, mwezi ujao ni la shemeji, mwezi wa tatu kuna foleni ya Subaru Forester mpaka kwa jirani, na ile kelele ya turbo inajaribiwa saa nne usiku. Gereji bubu zote zilianza na "naangalia tu gari langu".

Kijana wa Sinza

Fundi nakuheshimu lakini unalia na wivu wa biashara 😂 hayo makosa ya taimingi umeyaona kwa sababu watu wanakuletea, na mengine yamefanywa na mafundi wenzio tunawajua. Mtu aliyehangaika kusoma manyuo (kitabu cha ufundi) ya gari lake kurasa kwa kurasa na anayelilipia spea kwa jasho lake mwenyewe atakuwa makini kuliko kijana wako anayejifunzia kwenye gari la mteja. Na ukiwa nyumbani hakuna wa kukubadilishia kitu, turbo uliyoitoa ndo turbo utakayoirudisha.

Fundi, Ilala

Sio wivu mdogo wangu. Nauliza tu, hedi ikipinda utaisawazishia sebuleni? Utaipeleka machine shop. Kwa hiyo hata huyo wa nyumbani mwisho anatufuata sisi.

Mleta mada

Hapo tuko pamoja fundi, na sijasema popote kwamba kila kitu kifanyike nyumbani. Kutoa, kusafisha, kubadili sili na belti na klachi, kurudisha, nyumbani. Kuchonga hedi, kupima bloku na krenki, mashine shop. Hakuna mtu anachonga hedi kwa msasa, na kama yupo Mungu amsaidie.

Wa Leicester

Niwape ya huku Uingereza labda itawasaidia. England na Wales kuna sheria ya 2005 ya usafi wa mitaa na mazingira, kutengeneza gari barabarani ni kosa kama unafanya kibiashara au kwa malipo, ukiwa unatengeneza lako bila faida huna kosa, ILA kama kazi yako imewapa watu wa jirani sababu ya msingi ya kukereka kinga hiyo inaondoka. Mi naona wamegusa penyewe, hawakuuliza ni kazi kubwa au ndogo wala una spana gani, wameuliza ni biashara? na unakera? Kumbukeni hiyo ni ya barabarani, ndani ya eneo lako ni habari nyingine. Na ukimaliza unachukua oili chafu kwenye dumu unapeleka kituo cha taka cha halmashauri, kuna tangi lake pale. Huku jamaa wanashusha injini kwenye gereji ya nyumba wikendi na jirani analeta chai.

Wa Nairobi

Hiyo ya tangi la oili ndio shida yetu yote East Africa, wacha niwaambie. Huku Nairobi Subaru ndio gari ya vijana, kila estate kuna mmoja ako na WRX imevuliwa nguo. Sasa sisi wa floti hata sheria haihitajiki, uko na parking slot moja, keateka, yule msimamizi wa nyumba, akiona tone moja ya oili kwa kabro za parking unaitwa meeting. Mimi nilichoona ni hiki, watu hawakatai kelele sana, wanakataa ile gari inakaa juu ya mawe miezi na miezi kwa sababu mwenyewe aliishiwa na pesa ya spea katikati, panya wanaingia, watoto wanacheza ndani, na akiambiwa aitoe anasema injini iko kwa makanika. Hiyo ya Sacramento ya 24 hours imezidi, lakini muda wa mwisho lazima uwekwe.

Mdau wa mazingira

Nimefurahi Nairobi kataja oili maana nilikuwa nasubiri nani ataanza. EJ20 ina lita nne na ushee za oili, plus kulanti yote ya rejeta na bloku. Inaenda wapi? Tusijifanye hatujui, inapakwa kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa, inamwagwa kwenye mtaro, au kwenye kona ya kiwanja ambapo miaka miwili baadae kuna mtu atachimba kisima. Oili iliyotumika kisheria ni taka hatarishi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo toka 2004. Ina chembe za metali zilizosagika toka kwenye beringi, ina masizi ya kuungua, na ngozi ikiloweshwa nayo miaka na miaka ni hatari ya saratani, kwa hiyo vaeni glovu, nyie na mafundi wenu. Kulanti nayo ina utamu, mbwa na kuku wanailamba wanakufa.

Na gesi ya AC. Fundi kaeleza vizuri, kompresa inalazwa pembeni na mipira yake. Lakini nimeshaona watu wanakata mpira wanasikiliza ile fssss mpaka iishe kwa sababu kompresa inawazuia. R134a, ndo hiyo gesi ya AC, ikienda hewani inapasha dunia zaidi ya mara 1,300 ya uzito ule ule wa kabonidaioksaidi, ndo jamii ya gesi ambazo nchi zilikubaliana Kigali 2016 kuzipunguza. Na hapo naungana na kijana wa Sinza, hao wenye leseni je? Wangapi wana mashine ya kunyonya gesi? Ukipiga marufuku nyumbani ukaacha gereji zinamwaga mtaroni umehamisha uchafu toka Tabata kwenda Ilala, basi.

Fundi, Ilala

Kwangu ipo dramu ya oili chafu, kuna watu wanakuja kununua. Wanapeleka wapi sijawahi kuwauliza.

Mdau wa mazingira

Ndo hapo sasa.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Bado nakataa marufuku, ila nakubali hoja kwamba "kwangu ni kwangu" haitoshi, kwa hiyo nikiitwa kikaoni nitapeleka hivi na nyie mnikosoe. Gari liwe la anayeishi hapo, kadi ionekane, hiyo inamaliza hofu ya fundi kuhusu foleni ya Forester. Winchi au fremu ya chuma, sio mti, sio papi ya paa. Kwenye uwanja wa pamoja wapangaji wenzako na mwenye nyumba wakubali kwanza. Oili na kulanti vikusanywe kwenye dumu na manispaa yenyewe iweke sehemu ya kupokelea, kwa gereji na kwa sisi, maana haiwezekani unikataze kumwaga na hujanionyesha pa kupeleka. Kujaribu injini mwisho saa kumi na mbili jioni. Na gari lisilotembea lisikae nje zaidi ya siku saba.

Kijana wa Sinza

Siku saba umetuchoma mkuu. Seti ya gasketi ukiagiza Sharjah tu, kule Falme za Kiarabu, na ikaja isiyo yenyewe, ukarudisha, siku saba zimeishia kwenye simu.

Fundi, Ilala

Na mashine shop nzuri ina foleni, hedi mbili hazitoki kesho yake. Weka siku ishirini na moja, lakini injini ikae ndani imefunikwa, sio uwanjani na mfuko wa rambo.

Mama mwenye nyumba

Ishirini na moja kwenye uwanja wangu hapana. Kwenye geti lake afanye hata mwaka. Kwangu akubaliane na mimi kwa maandishi, petroli itolewe kwanza kabla ya yote, na siku hiyo chakula cha wapangaji wote anunue yeye, maana majiko yatazimwa.

Mleta mada

Mama hiyo ya chakula naiweka namba moja 😂