Ushauri: Santuri ipi ya Bill Withers nimnunulie mzee wangu?

Wakuu, salaam. Mzee anatimiza miaka 70 mwezi ujao, na gramafoni yake imefufuliwa na fundi. Zamani alikuwa na kaseti ya Bill Withers, yule mwimbaji wa Marekani. Mkanda ukatafunwa na redio nilipokuwa nachezea vitufe. Hakunichapa, ila sura yake siku ile sijaisahau. Nimeona mkusanyiko wa 1981, Bill Withers' Greatest Hits, nyimbo 10. Unatosha, au nitafute albamu zake za awali? Kipenzi chake ni "Grandma's Hands". Yeye mwenyewe kalelewa na bibi.

Kinanda: Mkuu, chukua mkusanyiko. Una "Ain't No Sunshine", "Lean on Me", na "Lovely Day" ambamo anavuta sauti moja kwa sekunde 18. Tena una "Just the Two of Us", ambao ulitoka kwenye albamu ya mpiga saksafoni Grover Washington Jr. Ukinunua albamu za Bill za miaka ya 70, huo hutaupata.

Mama Wawili: Mkusanyiko ni mtamu, lakini kwa mzee huyu mimi ningetafuta albamu ya Live at Carnegie Hall, iliyorekodiwa jukwaani Oktoba 1972. Kabla ya kuimba "Grandma's Hands" anasimulia kwanza habari za bibi yake na mambo ya kanisani, na watu ukumbini wanacheka naye. Mtoto wa Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe, aliyekua na kigugumizi, leo anazungumza mbele ya umati kwa utulivu ule! Mimi hulia kila nikisikiliza. Kwenye mkusanyiko wimbo upo, masimulizi hayapo.

Sindano: Ukinunua iliyotumika, ielekeze kwenye mwanga. Mkwaruzo unaonasa ukucha, achana nayo. Ilaze mezani uone kama imepinda. Na sindano ya gramafoni ibadilishe kwanza, iliyochakaa inakwangua santuri. Halafu muulize mzee kama alisikia habari za Bill kuimba Kinshasa 1974, lile tamasha lililohusiana na pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman.

Mleta uzi: Asanteni sana. Dada Mama Wawili, nimeisikiliza hiyo sehemu ya bibi usiku huu, nikarudia mara tatu. Nanunua hiyo. Mkusanyiko utakuja Krismasi. Kinanda usinune, "Just the Two of Us" ni wimbo wa mama. Sindano sikuwa nimeifikiria kabisa, kesho nampigia fundi.