Nifanyeje nyuso ninazochora zisifanane, na weusi upendeze kando ya rangi kali?

Mchoraji wa Tanga
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Ninatayarisha kalenda ya picha 12 za wanawake wa Afrika Mashariki, kila mmoja akiwa na vazi na msuko wa kwao. Juzi nilizitandaza zote sakafuni nikasononeka: mavazi ni 12, lakini uso ni mmoja, wenye pua ileile nyembamba na rangi ileile ya maji ya kunde. Aliyeniagiza kazi ameniomba hata walio weusi niwang'arishe, akidai kuwa weusi hautoki vizuri kwenye karatasi. Sikubaliani naye, ila sijui nimwoneshe nini ili aamini.

Brashi Mkononi
Weusi hautoki kwa sababu wengi wetu huongeza rangi nyeusi kwenye kahawia, na uso ukabaki kama umepakwa masizi. Weka chupa nyeusi kando, uchanganye kahawia yenye wekundu na buluu iliyokolea. Kisha mtazame mtu aliyeketi barazani saa nne asubuhi: paji la uso na mfupa wa shavu huchukua ubuluu wa anga, na akiwa amejitanda kanga ya manjano, chini ya kidevu utauona umanjano wake. Mwanga huo mdogo wa kidevuni ndio unaounganisha uso na vazi. Usianzie kwenye karatasi nyeupe pia, maana weupe wake hufanya ngozi ionekane nzito. Wachoraji wengi wa Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, hupaka uwanja mzima rangi, wakauacha ukauke, ndipo wakachora juu yake. Na mwombe mpiga chapa nakala ya majaribio, kwani kahawia huzama zaidi karatasini kuliko kwenye kioo cha kompyuta.

Bibi wa Ng'ambo
Marahaba mwanangu. Kanga ina pindo, mji na jina. Ukiliacha jina umechora kitambaa tu. Sisi wanawake tukiona kanga, macho hutangulia kwenye jina, kwa hiyo liandike lisomeke, na liwe neno ambalo mvaaji mwenyewe angelichagua. Nimeona pia vijana wakipamba mashavu ya wasichana wa leo kwa nembo za Kimakonde. Chale zile ni za bibi zetu, walichanjwa kwa maumivu na zina mpangilio wake. Mchore bibi mwenyewe, na mikunjo yake yote.

Kofia Pana
Mimi nina ualbino. Picha zetu hutafutwa ikikaribia tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, kisha hatuonekani tena, kwa hiyo nakuomba utuweke mwezi mwingine wowote. Usituchore kwa weupe wa karatasi: ngozi yetu ina uwaridi na madoa ya jua, na kope zetu zina rangi ya majani makavu. Mpe mwanamke huyo kofia pana yenye rangi kali, uone kivuli chake kinavyomwangukia usoni.

Mchoraji wa Tanga
Nawashukuru sana. Uso wa Machi nimeufuta leo, na mwenye kofia atakaa hapo. Bibi, Desemba nitamchora mama mzee wa Newala mwenye nembo. Kanga yake nimefikiria iandikwe "Wema hauozi". Je, inamfaa?