Usugu wa E. coli kwa siprofloksasini umepanda ghafla: ni bakteria au ni vipimo?

KotiJeupe: Wadau wa maabara, naombeni msaada. Tunafuatilia usugu wa E. coli za mkojo kwa dawa za kundi la fluorokwinoloni, tukitumia diski (kikaratasi chenye dawa) ya siprofloksasini ya mikrogramu 5. Tangu tuache mwongozo wa CLSI (taasisi ya Marekani ya viwango vya maabara) wa 2018 na kuhamia toleo jipya, asilimia ya R (sugu) imepanda mno. Kwenye rejista tunaandika S (nyeti), I (ya kati) au R tu. Nitajuaje kama usugu umeongezeka kweli?

Agari4mm: Kwa rejista hiyo hutajua, mkuu. Mwaka 2019 CLSI walibadilisha mipaka ya kipenyo cha duara lisilo na bakteria kuzunguka diski. Zamani 21 mm kwenda juu ilikuwa S, 16–20 ni I, 15 kushuka ni R. Sasa S inaanzia 26, I ni 22–25, na 21 kushuka ni R. Kimelea cha 21 mm kilichoitwa S jana, leo ni R, na chenyewe hakijabadilika hata kidogo! Tafuteni karatasi za benchi za zamani. Kama milimita zimeandikwa, ziingizeni WHONET (programu ya data za usugu), mzitafsiri zote kwa mpaka mmoja, ndipo mlinganishe miaka. Kuanzia leo andikeni milimita kwa kila diski.

BenchiLaTatu: Kabla ya kuamini hizo milimita, angalia E. coli ATCC 25922 (kimelea cha kukagua ubora wa kipimo) inasomeka ngapi. Kwa CLSI iwe 29–38 mm. Ikishuka chini ya hapo, usitoe majibu ya wagonjwa.

Mara nyingi tatizo ni agari (chakula cha kuoteshea bakteria). pH iwe 7.2–7.4, ikiwa na asidi, kwinoloni hupungua nguvu na duara linakuwa dogo. Ndiyo maana inkubeta ya CO2 haifai hapa. Kina kiwe 4 mm, maana agari nene nayo hupunguza duara. Halafu mchanganyiko wa bakteria: 0.5 McFarland (kipimo cha uzito wa ukungu wake), utumike ndani ya dakika 15, na swabu ikamuliwe kwenye ukuta wa tyubu kabla ya kupaka. Ukizidisha bakteria, unatengeneza usugu ambao haupo. Diski zikitoka kwenye friji, ziache zifikie joto la chumba ndipo ufungue kopo, la sivyo zinashika unyevu.

DadaTakwimu: Nakazia la milimita. Chora grafu ya vipenyo vyote. Kama kilima cha vimelea nyeti chenyewe kimesogea kushoto, shuku agari au diski. Kama kilima hicho kimebaki palepale, na kingine kinakua kwenye 6 mm (yaani hakuna duara kabisa, unapima diski yenyewe), huo ni usugu halisi.

Pia hesabu kimelea cha kwanza tu cha kila mgonjwa. Mwenye UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) sugu hurudi mara kwa mara, na kila sampuli yake inavuta asilimia juu. Chini ya vimelea 30, usitoe asilimia.

KotiJeupe: Asanteni sana. Na Salmonella za damu, mipaka ni hiyo hiyo?

Agari4mm: Hapana, usichanganye kabisa. Kwa Salmonella, S ya siprofloksasini inaanzia 31 mm, na 20 kushuka ni R. Diski hiyo hukosa baadhi ya usugu mdogo, kwa hiyo ongeza pefloksasini ya mikrogramu 5: 24 mm kwenda juu ni S, 23 kushuka ni R.