Baunsa ya IRC inagoma kuungana na HexChat, msaada wakuu

kijana_nkuhungu
Habari zenu wakuu. Niko Dodoma huku Nkuhungu, nafuatilia chaneli mbili za programu huria kule Libera.Chat (mtandao wa IRC, yaani mfumo wa kuchati kwa maandishi), sasa wale jamaa wengi wako Ulaya na Marekani kwa hiyo mazungumzo yananoga nikiwa nimeshalala au umeme umekatika, asubuhi nikiingia sikuti kitu maana IRC haikutunzii meseji kama WhatsApp. Kuna mdau kanifungulia akaunti kwenye ZNC yake (ndo hiyo baunsa, programu inayobaki mtandaoni badala yako na kukutunzia meseji), kanipa anwani, poti 7000, jina na paswedi. HexChat (programu ninayochatia IRC) inafika kwenye seva halafu inaleta "Invalid Password", na paswedi nimeikopi vilevile alivyonitumia. Tatizo nini? Na simu na laptopu naweza kutumia kwa pamoja?

fundi_makulu
Mkuu paswedi haina shida, ZNC inataka ujue kuipanga tu. Nenda orodha ya mitandao, ongeza mpya, kwenye seva andika anwani/+7000, hiyo alama ya kujumlisha ndo inawasha TLS, yaani ulinzi wa mawasiliano yasisomwe njiani, usiiache. Njia ya kuingia chagua Server Password, halafu kwenye paswedi andika hivi:

jina/libera:paswedi

Hiyo "libera" ni jina ambalo mtandao umepewa ndani ya ZNC yenyewe, muulize mdau wako ameuitaje, usipoupatia utaingia ila chaneli zako hutaziona. Na ikilalamika kuhusu cheti usikimbilie kutiki ya kukubali cheti chochote, kwanza muulize kama cheti kajitengenezea mwenyewe.

dada_ipagala
Naongezea kwa fundi. Ukishaingia washa SASL, njia ya kujitambulisha kwa Libera pale unapoungana: andika /msg *status LoadMod sasl, kisha /msg *sasl Set na jina lako la Libera na paswedi yake. Ni muhimu hiyo kwa sababu Libera wanawabana sana watu wanaotokea kwenye seva za kukodi, bila SASL unaweza kugomewa kabisa.

Halafu kaka, mwenye seva anaweza kusoma kila kitu kinachopita hapo, mpaka meseji za faragha, na hiyo paswedi ya Libera pia inakaa kwake. Kama humwamini sana weka paswedi ambayo hujaitumia popote pengine.

kijana_nkuhungu
Imekubali!! Ameuita "lc", nilivyobadilisha hapo tu chaneli zote zikafunguka na za jana usiku zikaja. Asanteni sana aisee. Ila simu ikitangulia kuingia laptopu haipati kitu, na za usiku ni chache, kama zinakatika katikati.

fundi_makulu
Kwa kawaida inatunza mistari 50 tu kila chaneli, andika /msg *status SetBuffer #chaneli 500, zaidi ya hapo mwombe mwenye seva akuongezee. Hilo la simu ni kwamba ZNC ikishakupa meseji inazifuta, zima kwa /msg *controlpanel Set AutoClearChanBuffer $me false, ila ndo kila ukiungana itakumwagia zote upya. Muulize kama anaweza kuweka moduli (nyongeza ya ZNC) ya clientbuffer, hiyo inakumbuka kila kifaa kimeishia wapi, unaandika jina@simu/lc:paswedi kwenye simu na jina@laptopu/lc:paswedi huku kwingine.

dada_ipagala
Na ukihama HexChat jaribu WeeChat, HexChat toleo la mwisho lilitoka 2024 na hakuna jingine linalokuja. Kwa sasa lakini endelea nayo tu, inafanya kazi vizuri.